Si Kila Joto ni la Umri: Tezi ya Thairoidi Wakati wa Kukoma Hedhi

Akina mama, dada zetu, na ninyi akina baba na vijana mliokuja kusikiliza kwa ajili ya wake na mama zenu, asanteni kwa kufika.

Tumekuja na jambo moja, na tunalisema mapema ili mengine yalifuate. Mwanamke wa miaka 45 au 52 akisema amechoka, anatoka jasho, hapati usingizi, ananenepa na anasahau, asiambiwe "ni umri huo" kabla damu yake haijapimwa. Mara nyingi ni umri kweli. Lakini mara nyingine ni tezi iliyoko shingoni, na tezi hiyo ina dawa. Wapo pia wenye vyote viwili kwa pamoja, na hao ndio tunaowaonea huruma zaidi, maana kimoja kinakificha kingine na mgonjwa anazungushwa miaka.

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo, mfano wa kipepeo aliyetandaza mabawa. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3, kwa kutumia madini joto tunayoyapata kwenye chakula na kwenye chumvi iliyoongezewa madini hayo. Homoni hizo ndizo zinazopanga mwendo wa mwili: moyo upige haraka kiasi gani, utumbo usukume chakula upesi au taratibu, joto litengenezwe kiasi gani, ngozi na nywele zijijenge lini. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, ambayo ndiyo msimamizi. Ikiona T4 imepungua kwenye damu, inapaza sauti kwa kutoa homoni iitwayo TSH kwa wingi. Ikiona T4 imezidi, inanyamaza, na TSH inashuka.

Tafadhali lishikeni hilo, kwa sababu watu wengi wanasoma majibu yao kinyume. TSH ikiwa juu, kwa kawaida tezi imelegea. TSH ikiwa chini, kwa kawaida homoni za tezi zimezidi.

Sasa upande wa hedhi. Mwanamke anahesabiwa amekoma hedhi akipitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu na bila sababu nyingine, kama vile ujauzito au dawa. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Miaka kadhaa kabla yake homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila utaratibu, na hicho ndicho kipindi cha mpito chenye vurugu nyingi. Maradhi ya tezi nayo yanaongezeka kadiri umri unavyosogea, na wanawake huyapata mara nyingi kuliko wanaume. Mahali ambapo madini joto yanatosha, chanzo kikuu cha tezi kulegea ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, ugonjwa ulioelezwa mwaka 1912 na daktari mpasuaji wa Japani, Hakaru Hashimoto. Mashambulizi hayo huenda kimyakimya kwa miaka, na kwa wengi tezi huanza kushindwa katika miaka ileile ovari zinapofunga kazi. Kwa hiyo kukoma hedhi hakuleti ugonjwa wa tezi. Vinakutana njiani, na vinafanana sura.

Vinafanana, lakini ukichunguza kwa makini vinatofautiana. Tuanze na joto, kwa kuwa ndilo linalolalamikiwa zaidi.

Joto la kukoma hedhi huja kwa wimbi. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, jasho linamwagika, moyo unadunda, kisha baada ya dakika chache linaondoka na mara nyingi linaacha kibaridi. Kati ya wimbi na wimbi, mwili uko sawa. Joto la tezi iliyozidisha kazi halina kuja wala kuondoka. Mama anasikia joto asubuhi, mchana na usiku. Viganja vyake vina moto na unyevu hata akiwa amepumzika. Anafungua madirisha wenzake wakiwa wamejifunika. Basi usimuulize kama anasikia joto, maana wote watakubali. Muulize linadumu muda gani, na likishapita anajisikiaje.

Na yule anayesikia baridi? Kukoma hedhi hakumfanyi mtu ajifunike muda wote wakati wenzake wanajipepea. Baridi isiyoisha, ikiambatana na choo kigumu, ngozi iliyokauka, sauti iliyogeuka kuwa nzito na uso unaovimba asubuhi, inaelekeza kwenye tezi iliyolegea. Angalieni pia nyusi: kwa baadhi ya wagonjwa hupukutika upande wa nje. Na ganzi ya vidole inayomwamsha mtu usiku hadi akung'ute mkono mara nyingi husingiziwa kazi za mikono, kumbe tezi nayo inaweza kuwa chanzo.

Moyo unaweza kuupima mwenyewe nyumbani. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 60 kamili. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu moyo unaoruka mapigo utakudanganya. Fanya hivyo siku 7 na uandike. Moyo uliosumbuliwa na wimbi la joto hutulia wimbi likipita. Ukikuta mapigo 90 au zaidi kila asubuhi, bila homa na bila upungufu wa damu, una sababu nzuri ya kupima tezi. Halafu nyosha mikono mbele, utanue vidole, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu yake. Mtetemo mdogo wa haraka utauona kwenye kingo za karatasi. Jaribio lingine ni la kiti: kunja mikono kifuani, kisha simama bila kushika chochote. Homoni ya tezi ikizidi inadhoofisha misuli mikubwa ya mapaja, na mama anagundua kwamba hawezi kuinuka bila kujisukuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachothibitisha ugonjwa. Vinakupa tu sababu ya kwenda kutolewa damu.

Kuhusu uzito tunaomba tuwe wakweli, hata kama ukweli huo haupendezi. Tezi iliyolegea peke yake kwa kawaida huongeza kilo chache, na sehemu kubwa ni chumvi na maji yaliyobaki mwilini. Mama aliyeongezeka kilo 15 asiahidiwe kwamba kidonge cha tezi kitaziondoa zote. Akiahidiwa hivyo atakuja kuomba dozi kubwa kuliko anayohitaji, na hatari yake tutaieleza. Ila kupungua uzito huku mtu anakula vizuri kusihesabiwe kamwe kuwa ni dalili ya kukoma hedhi. Huyo apimwe mara moja.

Hedhi yenyewe ndiyo inayochanganya kuliko vyote. Tezi iliyolegea inaweza kuifanya nzito na ndefu. Tezi iliyozidi inaweza kuifanya nyepesi au kuirukisha miezi. Kipindi cha mpito kinafanya yote mawili, tena kwa mtu yuleyule, ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo hedhi haikupi jibu, ila inakupa kazi ya ziada: anayetoka damu nyingi apimwe na wingi wa damu pamoja na akiba ya madini chuma, kwa sababu uchovu wake huenda unatoka hapo. Na damu yoyote inayotokea baada ya miezi 12 ya ukimya ichunguzwe kwenye mfuko wa uzazi. Isisingiziwe tezi, hata kama tezi inajulikana kuwa mbovu.

Tuje kwenye kipimo. Cha kwanza ni TSH. Kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kati ya 0.4 na 4.0 hivi, kwa miliuniti kwa lita, lakini mipaka hutofautiana, kwa hiyo tumieni ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya majibu yenu. Ikitoka nje ya mipaka, inafuata T4 huru, yaani ile isiyofungwa kwenye protini za damu, na ikibidi T3. Kingamwili dhidi ya tezi hupimwa ili kujua chanzo. Zikishaonekana, kuzipima tena na tena hakubadilishi matibabu. Kwa mwanamke aliyezidi miaka 45 mwenye dalili za wazi, kupima FSH, homoni ya pituitari inayoamsha ovari, ili kuthibitisha kukoma hedhi kwa kawaida hakuhitajiki. Homoni hiyo hupanda na kushuka katika kipindi cha mpito, na kipimo cha siku moja kinaweza kukuambia uongo.

Kuna mtego mmoja ambao wagonjwa wengi hawauelewi, nao ni biotini, aina ya vitamini B. Wanawake wanaopukutika nywele hununua vidonge vya nywele na kucha, na baadhi vina biotini mikrogramu 5,000 hadi 10,000, wakati mtu mzima anatosheka na mikrogramu 30 kwa siku. Biotini hiyo haiharibu tezi. Inaharibu kipimo, kwa sababu mashine nyingi za maabara zinatumia biotini kukamata homoni inayopimwa. TSH inaonekana ya chini kwa uongo na T4 inaonekana ya juu kwa uongo, na mama mzima anaambiwa tezi yake imezidisha kazi. Mbaya zaidi, yule ambaye tezi yake imelegea kweli anaweza kuonekana mzima. Acheni vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na mkiwa mnatumia dozi kubwa sana mwulizeni daktari kama muache mapema zaidi. Na mtajeni kila mnachomeza, hata kile mnachokiona si dawa.

TSH iliyopanda kidogo haihitaji haraka. Irudiwe baada ya miezi 2 hadi 3, ikiwezekana saa ileile ya siku, kwa kuwa TSH huwa juu zaidi usiku na alfajiri kuliko mchana. Wengine hurudi kawaida bila dawa. Ikizidi 10 na ikabaki hapo, matibabu hupendekezwa kwa wengi. Ikiwa katikati, daktari anaangalia dalili, kingamwili, lehemu kwenye damu, moyo na umri. Kwa aliyezidi miaka 70, TSH iliyopanda kidogo inaweza kuwa hali ya kawaida ya umri wake, na kumpa dawa kunaweza kumdhuru kuliko kumsaidia.

Dawa ya tezi iliyolegea ni levothairoksini, yaani T4 iliyotengenezwa kiwandani. Ambaye tezi yake imekufa kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 70 hufikia mikrogramu 112 hivi. Ambaye tezi bado inafanya kazi kidogo huhitaji chini ya hapo. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanza na mikrogramu 12.5 hadi 25 na kupandishwa hatua kwa hatua, kwa sababu moyo uliozoea mwendo wa polepole ukishtuliwa ghafla unaweza kupata maumivu au kupiga ovyo. T4 hukaa mwilini muda mrefu: baada ya siku 7 hivi nusu yake bado ipo. Ndiyo maana TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8 kila dozi inapobadilishwa. Kupima baada ya wiki 2 ni kupoteza pesa na kumpandishia mtu dozi bila sababu.

Namna ya kumeza ndiyo inayoharibu matibabu mara nyingi kuliko dozi yenyewe. Kidonge kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula au kahawa. Anayeona asubuhi ina pilika nyingi anaweza kumeza usiku anapolala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho. Muhimu ni kushika wakati mmoja. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo, kwa kufuata utaratibu uleule wa tumbo tupu.

Hapa ndipo umri huu una mtego wake. Mwanamke aliyekoma hedhi mara nyingi amepewa kalsiamu kwa ajili ya mifupa, madini chuma kwa ajili ya damu aliyopoteza, na dawa ya kiungulia. Anavimeza vyote pamoja asubuhi ili asisahau. Kalsiamu na chuma hushikamana na homoni tumboni, na kidonge kinapita bila kuingia kwenye damu. TSH inapanda, dozi inaongezwa, na mama anaulizwa kama kweli anameza dawa. Anameza kila siku. Tenganisheni kwa saa 4. Mfano mzuri: homoni saa 12 asubuhi, chakula saa 1, kalsiamu na chuma mchana au jioni. Dawa za kuzuia asidi ya tumbo, kama omeprazoli, hupunguza ufyonzaji hata zikitenganishwa. Atakayeanza au kuacha dawa hizo arudie kipimo. Vivyo hivyo ukibadilishiwa kampuni ya kidonge.

Na homoni za kutuliza dalili za kukoma hedhi? Mwenye ugonjwa wa tezi anaweza kuzitumia kama hana kizuizi kingine, ila njia ya kuzitumia ina maana. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na ini likaongeza protini inayobeba homoni ya tezi kwenye damu. T4 nyingi zaidi inafungwa kwenye protini hiyo, na ile iliyo huru inapungua. Mwenye tezi nzima hafahamu hata kama kuna jambo limetokea, maana tezi yake inaongeza uzalishaji. Anayetegemea kidonge hana wa kumwongezea. Baada ya wiki kadhaa uchovu unarudi, na yeye anadhani homoni mpya zimemkataa. Basi TSH ipimwe wiki 6 hadi 12 baada ya kuanza estrojeni ya kumeza. Atakayeiacha naye apime, kwa sababu sasa dozi iliyoongezwa itakuwa imezidi. Estrojeni ya kibandiko au jeli ya ngozi haipitii ini kwa namna hiyo na kwa kawaida haibadilishi dozi. Mwenye tezi iliyolegea ana haki ya kumwuliza daktari wake kuhusu njia hiyo.

Tuliahidi kueleza hatari ya dozi kubwa. Estrojeni ikiondoka, mifupa inaanza kupoteza uzito wake. Homoni ya tezi ikizidi, mifupa inamomonyoka kwa kasi zaidi. Mwanamke aliyekoma hedhi mwenye TSH iliyozama chini ya 0.1 anapigwa pande zote mbili. Moyo nao hauachwi: utafiti wa Framingham huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba watu wa miaka 60 na zaidi wenye TSH ya chini kiasi hicho walikuwa na hatari mara 3 hivi ya kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio katika miaka 10. Mapigo hayo yanaweza kugandisha damu ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Anayesema "nipandishieni dozi, nataka nguvu" tunamwelewa kabisa, lakini tutamwonyesha TSH yake kwanza. Waliotibiwa saratani ya tezi wana malengo yao tofauti ya TSH, na wasibadilishe dozi kwa sababu ya maneno yetu ya leo.

Kwa tezi iliyozidisha kazi yenyewe, chanzo mara nyingi huwa ni ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi, au vinundu vinavyotengeneza homoni bila kufuata amri ya TSH. Mwenye umri mkubwa anaweza asitetemeke wala asitoe jasho: anachoka tu, anakonda, na moyo unapiga ovyo, watu wakadhani ni huzuni. Matibabu ni vidonge kama kabimazoli au methimazoli, madini joto yenye mionzi, au upasuaji. Njia mbili za mwisho mara nyingi humwachia mtu kidonge cha levothairoksini cha maisha, na hilo alijue kabla ya kuchagua. Anayetumia kabimazoli au methimazoli ashike jambo moja kama anavyoshika jina lake: akipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, asimeze dozi inayofuata, aende siku hiyohiyo kupimwa chembe nyeupe za damu. Ni nadra dawa hizo kuziangusha, lakini zikianguka mtu anaweza kufa kwa maambukizi madogo.

Shingo iangalieni kwenye kioo. Inua kidevu kidogo, piga funda la maji, tazama chini ya kongomeo unapomeza. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka na mmezo. Vinundu vingi si saratani, lakini kilicho kigumu, kinachokua upesi, au kinacholeta sauti ya kukwaruza na shida ya kumeza, kipelekwe bila kungoja.

Madini joto ya vidonge au ya unga wa mwani msijinunulie kwa kudhani mnaisaidia tezi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Kiasi kikubwa kinaweza kuifunga tezi iliyokwisha kudhoofika, au kuiwasha ile yenye vinundu. Dawa ya moyo amiodaroni imejaa madini hayo, na lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, nayo husumbua tezi. Wanaozitumia wapimwe mara kwa mara.

Mambo mawili hayasubiri miadi. La kwanza ni mgonjwa wa tezi iliyolegea anayesinzia kupita kiasi, mwili umepoa na anachanganyikiwa. La pili ni mwenye tezi iliyozidi aliyepata homa kali, moyo unakwenda mbio na haeleweki anachosema. Wote hao wapelekwe hospitali wakati huohuo, hata ikiwa usiku wa manane.

Na kwa miadi ya kawaida, nendeni na karatasi. Juu andikeni tarehe ya hedhi ya mwisho. Chini yake mapigo ya asubuhi ya siku 7, uzito wa sasa na wa mwaka uliopita, na kama joto lenu ni la wimbi au la kutwa. Kisha kila mnachomeza, saa mnayokimeza, na pamoja na nini. Kama mama au dada yenu ana ugonjwa wa tezi, kiandikeni hicho pia. Acheni nafasi mwishoni: hapo itaandikwa TSH yenu, tarehe, na dozi mliyokuwa mnameza siku hiyo. Dozi ikishatulia, mstari kama huo uongezwe mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi mkibadilisha dawa yoyote tuliyoitaja.

Tunapokea maswali sasa. Aliye na majibu ya maabara mkononi aanze.